Ridhaa Isiyoeleweka Si Ridhaa: Uhakiki wa Kiswahili cha Matangazo ya Vidakuzi

1. Utangulizi

Hivi karibuni tuliletewa karatasi moja na mwalimu wa Kiswahili aishiye Ujerumani. Mwalimu huyu ana tovuti yake ndogo ambamo huweka masomo ya lugha na kuuza vijitabu vya mazoezi. Wanaoitembelea si wengi: ni wanafunzi wake, wazazi wa watoto waliozaliwa ugenini, na watu wachache wa huku Afrika Mashariki. Sheria za huko anakoishi zinamtaka awaombe wageni wake ridhaa kabla ya kuweka katika simu au kompyuta zao vile viitwavyo vidakuzi. Kwa kuwa hana mwanasheria wala mfasiri wa kumlipa, alitumia tangazo lililokuja tayari pamoja na programu aliyojengea tovuti. Tangazo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa katika Kiswahili, naye akaliacha lilivyo.

Siku moja mzazi wa mwanafunzi wake, mama mtu mzima ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza, alimwuliza: "Samahani Mwalimu, pale nilipobonyeza, nimekubali nini?" Mwalimu alijaribu kueleza, akatambua kwamba hawezi kujibu kwa maneno ya tangazo lake mwenyewe. Ndipo alipotuandikia kuuliza kama Kiswahili cha tangazo hilo ni sahihi.

Maneno ya tangazo lenyewe ni haya:

"Tunathamini faragha yako. Sisi na washirika wetu tunatumia vidakuzi ili kuboresha uzoefu wako. Kwa kuendelea kutumia tovuti hii unakubali matumizi ya vidakuzi. KUBALI ZOTE. Dhibiti mapendeleo."

Makala haya ni uhakiki wa maneno hayo machache. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la istilahi. Tuonavyo sisi si dogo hata kidogo. Mara nyingi tukosoapo tafsiri mbaya, hasara tuionayo ni ya lugha peke yake. Hapa sivyo. Sheria inayomfunga mwalimu huyu inasema kwamba ridhaa ni ile iliyotolewa na mtu aliyefahamishwa. Ikiwa maneno hayafahamishi, basi ridhaa haikupatikana, hata kama mgeni amebonyeza mara mia. Tafsiri, kwa hiyo, si pambo la ridhaa bali ni sehemu yake.

2. Kidakuzi ni kitu gani

Kabla ya kulijadili jina, hatuna budi kukijua kitu chenyewe. Seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kuwapelekea wasomaji kurasa zake, kwa asili haina kumbukumbu. Mgeni akifungua ukurasa wa kwanza kisha wa pili, kwa seva hao ni wageni wawili wasiojuana. Mnamo mwaka 1994 Lou Montulli, mtaalamu wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni njia ya kuondoa tatizo hilo. Seva hukipa kivinjari cha mgeni maandishi mafupi: jina, thamani yake, na pengine tarehe ya mwisho wa kutumika. Kivinjari huyahifadhi maandishi hayo, kisha kila kirudipo kwenye tovuti ile huyaonyesha tena. Hivyo seva hutambua kwamba huyu ndiye yule aliyekwisha kutia vijitabu viwili katika kapu la ununuzi.

Hadi hapo hakuna ubaya wowote. Matata huanza pale maandishi hayo yanapowekwa na mtu wa tatu. Ukurasa mmoja waweza kuwa na tangazo la biashara, kihesabu wageni, na video, kila kimoja kikitoka katika seva ya kampuni nyingine. Kampuni hiyo ikiwa imo katika tovuti elfu, yaweza kumtambua mgeni yule yule kila aendako, na kujua asomacho, anunuacho, na saa alalayo. Mwenye tovuti ndogo aghalabu hajui kwamba amewafungulia mlango watu hao. Yeye alitaka kujua tu kama masomo yake yanasomwa.

Tunaona basi kwamba jina moja limebeba vitu viwili vya tabia mbalimbali: kile kinachomhudumia mgeni na kile kinachompeleleza. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalirudia.

3. Sheria yasemaje

Katika nchi za Umoja wa Ulaya msingi wa jambo hili ni Agizo namba 58 la mwaka 2002 juu ya faragha katika mawasiliano ya elektroniki, kifungu cha 5, fungu la 3. Hapo mwanzo fungu hilo lilimpa mgeni haki ya kukataa tu. Mwaka 2009 lilirekebishwa, na tangu hapo ridhaa ndiyo inayotakiwa, baada ya mgeni kupewa maelezo yaliyo wazi na kamili. Yamesamehewa mambo mawili peke yake: yale ya kupitisha mawasiliano, na yale yasiyoepukika ili kutoa huduma ambayo mgeni mwenyewe ameiomba. Nchini Ujerumani sharti hilo limo katika kifungu cha 25 cha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2021.

Maana ya ridhaa yenyewe imewekwa na Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kwa mujibu wa kanuni hiyo ridhaa huwa na sifa nne: iwe ya hiari, iwe ya jambo mahususi, itolewe na mtu aliyefahamishwa, tena ionyeshwe bila utata kwa kauli au kitendo cha wazi. Kimya si ridhaa. Kisanduku kilichokwisha kutiwa alama si ridhaa. Kuiondoa ridhaa kuwe rahisi sawa na kuitoa. Na ombi la ridhaa liwe katika lugha iliyo wazi na nyepesi. Wafasiri na wayakariri maneno haya ya mwisho, kwani si kila siku sheria huagiza wepesi wa lugha.

Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49 iliyoendesha bahati nasibu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kwamba kisanduku kilichotiwa alama mapema hakifai. Iliongeza kwamba mgeni sharti aelezwe vidakuzi vitakaa muda gani, na kama watu wengine wataweza kuvifikia. Na mwanzoni mwa mwaka 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa za watu ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulihitaji kubonyeza mara moja, na kukataa kulihitaji kubonyeza mara kadhaa.

Msomaji atasema kwamba hayo ni ya wakubwa. Lakini tarehe 20 Januari 2022 mahakama moja ya mjini Munich ilimwamuru mwenye tovuti kumlipa mgeni wake euro 100 kwa kuwa tovuti hiyo ilichukua mitindo ya herufi kutoka seva ya Google, na hivyo kupeleka huko anwani ya kompyuta ya mgeni bila ridhaa yake. Hiyo haikuwa kesi ya vidakuzi, lakini fundisho lake ni lile lile. Katika mwaka huo huo wenye tovuti wengi wadogo wa Ujerumani walipelekewa barua za kudaiwa fedha kwa sababu hiyo.

Wala jambo hili si la Ulaya peke yake. Kanuni hiyo humfikia hata mtu aliye nje ya Ulaya akiwauzia bidhaa au huduma watu walio huko, kama vile mwenye nyumba ya wageni ya Zanzibar anayewalenga watalii wa Kijerumani. Aidha, Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ridhaa imekuwa istilahi ya serikali zetu wenyewe. Hatuwezi tena kuiachia mashine ya kutafsiri.

4. Juu ya jina

Neno la Kiingereza kwa kitu hiki ni jina la biskuti. Lugha mbalimbali zimelipokea kila moja kwa namna yake. Wapoland wanasema keki ndogo, na Waaislandi wanasema keki ya kivinjari. Wafini waliunda neno lao kutokana na jina la masurufu ya safari. Wasemao Kifaransa huko Quebec wanasema shahidi. Hao wawili wa mwisho wanatufundisha kwamba si lazima kumfuata Mwingereza hadi jikoni kwake.

Katika Kiswahili kuna maneno mawili yanayoshindana. La kwanza ni *kuki*, ambalo ni sauti ya Kiingereza iliyovishwa tahajia yetu. Sifa yake ni kwamba halisemi uongo, na kasoro yake ni kwamba halisemi lolote. La pili ni *kidakuzi*, ambalo Google hulitumia katika Kiswahili chake, na ndilo lililoenea zaidi katika matangazo haya. Sifa yake ni kwamba lina umbo la Kiswahili na upatanisho ulionyooka: kidakuzi hiki, vidakuzi hivi. Lakini sikio la Mswahili likilisikia humkumbuka mdaku na udaku, tena haliwi mbali na udukuzi. Ni jina la kitu kichunguzacho mambo ya watu.

Je, hilo ni kosa? Kwa kidakuzi cha kampuni ya matangazo ya biashara, hakika limepatia kuliko la Kiingereza. Biskuti humfanya mpelelezi aonekane mtamu. Kidakuzi humwita kwa jina lake. Walakini kwa kile kinachohifadhi kapu la vijitabu jina hili ni tuhuma isiyo na ushahidi. Mwalimu wetu anapoandika "tunatumia vidakuzi" hujishitaki mwenyewe kwa kosa ambalo pengine hakulitenda.

Tulishawishika kupendekeza maneno mawili, *kikumbushi* kwa kile cha huduma na *kidakuzi* kwa kile cha upelelezi, ili Kiswahili kitenganishe kile ambacho Kiingereza kimekichanganya. Baada ya kutafakari tumeacha. Kwanza, neno lililokwisha kuenea halifukuzwi kwa urahisi. Wazee wa kazi hii wanakumbuka jinsi *tarakilishi* ilivyopiganiwa, na leo walio wengi wanasema *kompyuta*. Pili, kumwamulia msomaji kwa jina kwamba hiki ni chema na hiki ni kiovu ni kumpokonya uamuzi ambao sheria imemwachia yeye. Tatu, na hili ndilo kubwa, kifungu chenyewe cha sheria ya Ulaya hakitumii jina hilo kabisa. Jina limo katika maelezo ya utangulizi. Kifungu kinasema kitendo: kuhifadhi taarifa katika chombo cha mgeni, au kuzisoma zilizokwisha kuhifadhiwa humo. Watunga sheria walijua kwamba majina hupita na vitendo hubaki.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: *kidakuzi* kiendelee, na *kuki* isihesabiwe kosa, lakini hakuna lolote kati ya hayo litakaloachwa peke yake katika tangazo. Jina litanguliwe na kitendo. Aandikaye "tunaweka maandishi mafupi katika simu yako, yaitwayo vidakuzi" amefahamisha. Aandikaye "tunatumia vidakuzi" ametaja tu.

5. Sentensi moja moja

Sasa tulirudie tangazo la mwalimu.

*Tunathamini faragha yako.* Sarufi haina kosa. Lakini *kuthamini* kwa Kiswahili ni kuheshimu na pia ni kukadiria bei, kama afanyavyo mthamini wa nyumba na viwanja. Katika sentensi inayotangulia ombi la kumpa mfanyabiashara taarifa za mtu, maana ya pili hujitokeza bila kualikwa. Zaidi ya hayo, sentensi haina kazi: haimwambii mgeni jambo lolote analohitaji kujua. Ifutwe.

*Sisi na washirika wetu.* Mshirika ni mtu mliyefungamana naye katika jambo, na ushirika kwetu una historia ya wakulima kuuza mazao yao pamoja. Mwalimu hana ushirika na kampuni inayohesabu wageni wake. Hamjui hata mtu mmoja wa huko. Neno hili limewekwa mahali pa neno lingine, nalo ni *watu wengine watakaopata taarifa zako*. Mahakama ilikwisha kusema kwamba hilo ndilo mgeni apaswalo kuelezwa. Kuliita ushirika ni kulificha.

*Kuboresha uzoefu wako.* Hapa pana kosa la wazi, nalo limeenea hata katika barua za ofisi. Uzoefu ni ujuzi au mazoea yaliyopatikana kwa kufanya jambo kwa muda mrefu: uzoefu wa miaka kumi kazini. Hali aionayo mtu kwa dakika tano akisoma ukurasa si uzoefu. Mama yule aliposoma sentensi hii angeweza kudhani kwamba vidakuzi vitamwongezea maarifa. Tena hata kama neno lingekuwa sahihi, lengo halikutajwa. Ridhaa huwa ya jambo mahususi. *Ili tujue kurasa zipi zinasomwa zaidi* ni jambo mahususi.

*Kwa kuendelea kutumia tovuti hii unakubali.* Kisarufi ni sawa, kisheria haifai, maana kuendelea kusoma si kauli wala kitendo cha wazi cha kuridhia. Mashine haikukosea katika kutafsiri. Ilitafsiri kwa uaminifu tangazo lililopitwa na wakati. Ni vyema mfasiri akumbuke kwamba uaminifu kwa maandishi ya asili haumwokoi mteja wake iwapo maandishi hayo yenyewe yana kasoro.

*KUBALI ZOTE.* Upatanisho kwanza: vidakuzi ni vyote, si zote. Ni dhahiri kwamba sentensi ya juu na maneno ya kitufe yalifasiriwa mbalimbali, pasipo mtu wa kuyasoma pamoja. Lakini kosa kubwa zaidi ni la nafsi. *Kubali!* kwa Kiswahili ni amri. Huwa ni mwenye tovuti anayemwamuru mgeni, hali sheria inataka kauli ya mgeni mwenyewe. Kitufe ni kinywa cha mgeni, basi na kiseme kwa nafsi yake: *Naridhia*. Na kando yake, kwa ukubwa ule ule na rangi ile ile, *Siridhii*. Lugha yetu ina bahati kwamba viambishi vidogo hutosha kuligeuza neno, hata vitufe viwili vikalingana kwa urefu na uzito.

*Dhibiti mapendeleo.* Mtumishi yeyote wa serikali atacheka hapa. Upendeleo ni kumtanguliza mtu pasipo haki, na kuudhibiti ni kazi ya wapambanao na rushwa. Kilichokusudiwa ni *chagua mwenyewe*. Tena tuone kilichofichwa: katika tangazo zima hakuna njia ya kukataa isipokuwa kupitia mlango huu wenye jina lisilofahamika. Kwa hiyo mama yule, hata angetaka kukataa, asingejua pa kubonyeza.

Tuongeze maneno mawili ambayo hayamo katika tangazo hili lakini yamejaa katika mengine. *Vidakuzi vya lazima* humfanya msomaji adhani kwamba yeye analazimishwa, au kwamba serikali imeviagiza. Maana yake ni kwamba huduma haiwezi kutolewa bila hivyo, basi iandikwe *vidakuzi vinavyohitajika kwa huduma uliyoiomba*. Nayo *maslahi halali* husikika kana kwamba kadhi amekwisha kutoa hukumu, hali ni dai la mwenye tovuti linalopaswa kupimwa pamoja na haki za mgeni. Tena dai hilo haliwezi kuchukua nafasi ya ridhaa pale ridhaa inapotakiwa.

6. Ridhaa, idhini na kibali

Wengine wameuliza kwa nini tusiseme *idhini*. Maneno haya mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni mamoja, hata katika maandishi ya ofisi. *Idhini* na *ruhusa* hutolewa na mwenye mamlaka kwa aliye chini yake au kwa aombaye: mzazi, mwajiri, mkuu wa wilaya. *Kibali* aghalabu ni hati. *Makubaliano* ni ya pande mbili zinazopeana na kudaiana. *Ridhaa* ni jambo la moyo wa mtu mmoja: ni kuwa radhi. Ndiyo maana tunasema fulani ameolewa kwa ridhaa yake, wala hatusemi kwa kibali chake. Kati ya sifa nne zilizotajwa na sheria, ile ya kwanza, yaani hiari, imo ndani ya neno *ridhaa* lenyewe. Basi na lishikwe.

Mtu wa pwani aweza kututilia shaka hapa. Atasema kwamba katika posa, mwali aulizwapo akinyamaza huhesabiwa kuwa ameridhia. Je, ridhaa ya Kiswahili si inapatikana kwa kimya? Ni swali zuri, na jibu lake limo katika desturi zile zile. Kimya cha mwali hupokewa na watu wanaomjua, wanaomwona uso wake, watakaoulizwa siku ya pili iwapo alilia. Mgeni wa tovuti hana wa kumwona. Mfano ufaao kwake ni wa hodi. Mtu hubisha hodi mlangoni mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka. Hakuna Mswahili mwenye adabu asemaye, "Niliingia kwa sababu hawakunikataza." Sheria hii ya Ulaya, pamoja na ugeni wake, haidai zaidi ya adabu ya hodi: kimya maana yake usiingie.

7. Mwenye tovuti ndogo afanyeje

Tulimjibu mwalimu kwamba asianze na maneno bali aanze na tovuti. Kwanza aorodheshe kila kinachowekwa katika chombo cha mgeni, na aliyekiweka. Pili, aondoe asichokihitaji. Mitindo ya herufi aiweke katika seva yake mwenyewe. Kihesabu wageni, kama matokeo yake hayasomi, akitoe. Baada ya hapo huenda kikabaki kidakuzi kimoja tu cha kapu la vijitabu, ambacho kimesamehewa ridhaa. Hapo hahitaji tangazo la kumzuia mgeni mlangoni. Maelezo ya wazi katika ukurasa wa faragha yanamtosha. Tangazo fupi kuliko yote ni lile lisilohitajika.

Iwapo ataamua kubaki na kihesabu wageni, basi kisianze kazi kabla ya jibu, naye atunze kumbukumbu ya jibu hilo, kwani ni yeye apaswaye kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Maneno tuliyompendekezea ni haya:

"Tovuti hii huweka katika simu au kompyuta yako maandishi mafupi ya kumbukumbu, yaitwayo vidakuzi. Kidakuzi cha kwanza hutunza kapu lako la vijitabu, nacho hufutika ukifunga kivinjari. Hicho kinahitajika kwa huduma uliyoiomba. Cha pili hutuonyesha kurasa zipi zinasomwa zaidi. Hicho hukaa miezi sita, na kampuni inayotuhesabia wageni (jina lake liandikwe hapa) hupata taarifa zake. Je, unaridhia tukiweke hicho cha pili? NARIDHIA. SIRIDHII. Unaweza kubadili jibu lako wakati wowote kwa kubonyeza neno 'Vidakuzi' lililo chini ya kila ukurasa."

Maneno haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, nasi hatuoni aibu kwa urefu huo. Kila sentensi imebeba jambo ambalo sheria inalitaka: kitendo, kusudi, muda, mtu wa tatu, swali, majibu mawili yaliyo sawa, na njia ya kurudi nyuma. Hakuna neno moja lililowekwa kwa ajili ya kupendeza.

8. Hitimisho

Kwa miaka mingi wakuzaji wa istilahi tumezoea kuulizana: neno hili ni la Kibantu au la kukopa, ni fupi au refu, lapatana au halipatani? Maswali hayo ni ya haki na yataendelea kuwapo. Tangazo la mwalimu limetukumbusha swali lingine linalopaswa kuyatangulia yote: je, atakayelisoma neno hili atajua anafanyiwa nini? *Kidakuzi* ni neno zuri katika kamusi. Katika kitufe kinachomtaka mtu aseme ndiyo au hapana, halitoshi bila sentensi inayolieleza.

Ofisi nyingi za serikali, vyuo na mashirika yetu sasa zina tovuti, na sheria za Kenya na Tanzania zinazidi kufahamika. Matangazo ya namna hii yataandikwa kwa mamia. Tunatoa rai kwamba yasinakiliwe kutoka programu za kigeni, bali yaandikwe upya na mtu anayekijua Kiswahili, akiwa amekaa pamoja na anayejua tovuti hiyo inafanya nini. Aidha, Baraza lingefanya vyema kuandaa tangazo la mfano ambalo mwenye tovuti yeyote mdogo angeweza kulichukua bila malipo na kulirekebisha kwa mahitaji yake.

Mwalimu alituarifu baadaye kwamba ameondoa kihesabu wageni, na tangazo lote halipo tena. Wasomaji walio na mapendekezo bora juu ya istilahi tulizozijadili, hasa walimu na wafasiri wanaokutana na matangazo haya kazini, wanaombwa watuletee, nasi tutayatia katika toleo lijalo.